Stima ikirudi na nguvu

Swali: Shangazi, huku Umoja mvua ikianza tu stima inapotea, ikirudi inarudi na nguvu, juzi friji yetu ikaungua. Tufanyeje? – Msomaji, Umoja

Jibu: Pole mami. Stima ikipotea chomoa friji na tivii kwa soketi, kinachochoma sana ni ile kurudi, we acha balbu moja kwa swichi ikuonyeshe stima imerudi alafu ngoja kama dakika 10 ndio uchomeke. Friji usifungue-fungue (watoto nao!), ikifungwa inashika baridi kama masaa 4, friza iliyojaa hata 48.

Na jiko la makaa msilale nalo ndani ati baridi ya Julai, moshi wake mwingine hauonekani wala haunuki na unaua. Tochi iwekwe karibu na mlango, si kwa droo ya betri zilizokufa.