Kolombia: Escobar Aje Mwisho

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mtu akitaka kuijua nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, ungempa vitabu gani, na aanze na kipi? Mimi naijibia Kolombia, kwa sababu kijiweni kila mtu anadhani anaijua. Itaje tu, utaletewa nywele za mwanasoka Valderrama, kisha wauza unga, kisha tamthilia za Pablo Escobar, bosi wao mkuu. Ushauri wangu ni kwamba huyo Escobar apangwe mwisho wa foleni. Watangulie waliouawa na waliofiwa.

Kwa hiyo cha kwanza ni El olvido que seremos cha Héctor Abad Faciolince, kilichotoka 2006. Kwa Kiingereza kinaitwa Oblivion. Ni kumbukumbu za mtoto juu ya baba yake, daktari Héctor Abad Gómez, aliyefundisha afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Antioquia, mjini Medellín. Maji safi, chanjo, chakula cha watoto wa mitaa ya mabondeni na milimani: hizo ndizo zilizokuwa siasa zake, na baadaye akaongeza haki za binadamu. Kwa wakubwa wa mji hayo yalitosha kumwita mkomunisti. Tarehe 25 Agosti 1987, asubuhi, kiongozi wa chama cha walimu alipigwa risasi. Jioni daktari akaenda kwenye ofisi za chama hicho kutoa mkono wa pole, na wauaji wa kukodiwa wakamkuta hapo hapo mlangoni. Mwanawe alikaa karibu miaka 20 kabla ya kuweza kuyaandika.

Lakini sikitangulizi kwa sababu ya kifo hicho. Nakitanguliza kwa sababu sehemu kubwa ya kitabu ni raha tupu ya kupendwa na mzazi. Mtawa anamwambia mtoto kwamba baba yake ataingia motoni kwa kuwa haendi misa. Mtoto anaamua kuacha kusali, maana peponi bila baba hakutaki. Ukishakaa mezani na familia hiyo, ukacheka nao, ukamzika pamoja nao binti yao aliyefariki kwa saratani angali kijana, ndipo risasi zinalia. Baada ya hapo huwezi tena kusema, "Ah, Wakolombia bwana, ndivyo walivyo."

Ukimaliza, nenda kijijini na Evelio Rosero. Riwaya yake Los ejércitos, kwa Kiingereza The Armies, inaanza kwa kichekesho: mwalimu mstaafu, Ismael, amepanda ngazi eti anachuma machungwa, kumbe anamchungulia mke wa jirani. Mzee mkware kabisa. Kisha vita vinaingia. Wanajeshi wa serikali, waasi wa msituni, wanamgambo wa matajiri, wote wanapita na bunduki zao, na Ismael hajui tena nani ni nani. Mkewe Otilia anapotea. Watu wanafunga virago, yeye anabaki kumngoja. Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba Rosero hasemi kundi lipi lilifanya nini. Mimi naona hapo ndipo alipopatia, kwa sababu mwanakijiji anayebishiwa hodi usiku hasomewi ilani ya chama.

Hapo utataka mtu akupangie mambo, na kwa kazi hiyo yupo mwanahistoria wa Kimarekani, David Bushnell, na The Making of Modern Colombia cha 1993. Ni kikavu, sitakudanganya, ila huwezi kukiruka. Utaona jinsi watu walivyozaliwa ndani ya chama, Liberali au Konsavativu, kama mtu anavyozaliwa ndani ya dini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1899 hadi 1902. Panama kujitenga mwaka 1903. Kisha tarehe 9 Aprili 1948, mwanasiasa kipenzi cha makabwela, Jorge Eliécer Gaitán, akauawa barabarani Bogotá na mji ukawaka moto. Mauaji yaliyofuata vijijini yanakadiriwa kuchukua watu wapatao 200,000. Mwaka 1958 vyama hivyo viwili vikakubaliana kupokezana madaraka hadi 1974, na asiyekuwa wa huku wala kule akabaki nje. Waasi wa FARC walizaliwa katikati ya kipindi hicho, mwaka 1964.

Siku ile Gaitán alipouawa, Gabriel García Márquez, mwandishi mashuhuri wa baadaye, alikuwa kijana wa miaka 21 anayesomea sheria Bogotá, na ameisimulia katika kumbukumbu zake, Vivir para contarla. Anamkumbuka bwana mmoja aliyevaa suti safi akiuchochea umati umuue mshukiwa. Ni nani yule? Juan Gabriel Vásquez ameuvuta uzi huo katika The Shape of the Ruins, riwaya ndefu, tena inachosha katikati, kuhusu watu wanaoishi kwa kunusa njama.

Sasa ndiyo ufungue Miaka Mia Moja ya Upweke, Cien años de soledad, riwaya ya García Márquez huyo huyo ya 1967. Wengi huanza na hiki, wakashangaa vipepeo vya njano, wakadhani ni hekaya. Ukiwa umeshasoma historia utajua kwamba wafanyakazi wa migomba waliogoma dhidi ya United Fruit Company, kampuni ya Kimarekani ya ndizi, walipigwa risasi kweli na jeshi mjini Ciénaga, Desemba 1928, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Aliyekwenda kuchunguza na kuwasha moto bungeni mwaka uliofuata alikuwa Gaitán yule yule. Katika riwaya, mtu mmoja anazinduka ndani ya treni iliyojaa maiti, anarudi kusimulia, na hakuna anayemwamini.

Kwa ndugu zetu wa Kongo nawaongezea La vorágine cha José Eustasio Rivera, 1924, kuhusu watu waliofanywa watumwa wa utomvu wa mpira katika misitu ya Amazon. Roger Casement, mwanadiplomasia wa Uingereza aliyeandika ripoti juu ya ukatili wa mpira wa mfalme Leopold huko Kongo mwaka 1904, ndiye aliyetumwa baadaye kuchunguza Putumayo, eneo la mpira katika Amazon. Alikuta mambo aliyokwisha kuyaona.

Na Kolombia nyeusi? Inasahaulika hata na Wakolombia wenyewe, ingawa mwaka 2022 walimchagua Francia Márquez kuwa makamu wa rais, na mwaka uliofuata akafika hadi Nairobi. Manuel Zapata Olivella aliandika Changó, el gran putas (1983), inayoanzia Afrika, ikavuka bahari ndani ya meli za watumwa. Ni ngumu; isome polepole. Rahisi zaidi ni La perra cha Pilar Quintana, kifupi mno, kuhusu Damaris, mwanamke mweusi wa pwani ya Pasifiki asiyejaliwa mtoto, anayechukua kijibwa akilee. Usidhani ni hadithi ya kubembeleza.

Haya, Escobar sasa. Aingie kwa mlango wa Noticia de un secuestro, kazi ya uandishi wa habari ya García Márquez, 1996, inayohusu watu 10, wengi wao waandishi, waliotekwa mwaka 1990 ili serikali iogope kuwapeleka wauza unga Marekani. Escobar mwenyewe haonekani sana. Wanaoonekana ni mateka wanaoongea kwa kunong'ona katika chumba kimoja, na vijana wenye bunduki wanaowalinda, ambao nao hawatarajii kuuona uzee. Diana Turbay, binti wa rais wa zamani, alifia katika jaribio la kumwokoa.

Vingi kati ya hivi utavipata kwa Kiingereza. Kama yuko mfasiri anayetafuta kazi ya kuleta kwa Kiswahili, nampa The Armies: ni kifupi, na yule mzee juu ya ngazi ataongea Kiswahili bila taabu.

Msomaji wenu, Morogoro