Mwenzako wa zamu hajui kazi? Usimsitiri

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msichana anayefanya kazi ya ambulensi Nakuru. Ameajiriwa mwaka huu, na amepangwa zamu na mtu aliyemtangulia kazini kwa miaka mingi. Mtu huyo, anasema, hajui hata ni mgonjwa gani wa kuvalishwa barakoa ya oksijeni na ni yupi wa kuwekewa mrija wa puani. "Dada, nikisema nitaonekana najifanya mjuaji. Nikinyamaza, mgonjwa atanifia mikononi. Nifanye nini?"

Nilimjibu kwa ufupi usiku uleule, ila jambo lenyewe limenikaa rohoni kwa sababu nimelipitia na bado linaniuma. Naandika kwa urefu kwa ajili yake na kwa wenzetu wote mnaotaka kuifanya kazi hii vizuri, si kusubiri mshahara wa mwisho wa mwezi tu.

Mimi niko Mombasa. Kabla sijawa kiongozi wa zamu, nilipangwa muda mrefu na mwenzangu mmoja ambaye sitamtaja. Alikuwa mtu wa watu. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika matangani. Ukiwa huna nauli, anakupa wala hakudai. Ndiyo maana, ingawa kila mtu kazini alijua kwamba hajui kazi, kila mtu alinyamaza.

Siku moja tuliitwa Kongowea, karibu na soko. Tulimkuta mwanamume wa makamo ameketi chini, shati limeloa jasho, maneno yanamtoka hayaeleweki. Mwenzangu alimtazama akiwa bado amesimama, mikono kiunoni. "Huyu amelewa. Tuwaachie polisi." Nikapiga magoti, nikamtoboa kidole. Kipimo cha sukari kikasoma 1.8. Mwenye kisukari akishuka chini ya 4 tayari ni shida, na kwa 1.8 ubongo unakosa chakula kabisa. Nikamwonyesha mwenzangu kile kipimo. Akachapuka hadi kioskini, akarudi na soda iliyokwisha kufunguliwa, akakiinua kidevu cha yule mtu ili ammiminie. Mtu hawezi kumeza hata mate yake! Soda ile ingeingia mapafuni. Nikamshika mkono. Nikatafuta mshipa, nikaupata, nikampa glukosi polepole, na kabla hatujafika hospitali mgonjwa alikuwa ananiuliza viatu vyake viko wapi.

Tulipokwisha kumkabidhi, mwenzangu aliniambia neno moja tu: "Umeniaibisha mbele ya watu."

Hakuuliza sukari inashukaje, wala kwa nini soda ingekuwa hatari. Kilichomchoma ni aibu. Na hapo nikaelewa kwa nini miaka yote hiyo hakujifunza: hakuna aliyewahi kumwachia aibu hiyo imfikie. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kusitiriana, na ni malezi mazuri. Jirani akikosea, unafunika. Lakini ndani ya ambulensi gharama ya kufunika anabebeshwa mtu aliyelala kwenye machela, naye hakuulizwa.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu, ni huu: kagua gari mwenyewe. Sahihi ya mwenzako kwenye fomu ya ukaguzi isikutoshe. Washa mashine ya kufyonza makohozi na matapishi uisikie ikivuta. Hesabu barakoa, za watu wazima na za watoto. Tazama mshale wa mtungi wa oksijeni kwa macho yako, kisha piga hesabu: mtungi wa saizi E ukijaa una takriban lita 680. Ukimpa mgonjwa lita 10 kwa dakika unapata saa moja na dakika chache. Ukipandisha hadi 15, ni dakika 45 tu. Ukitokea Kwale kuja kisiwani, na foleni ya feri ya Likoni unaijua, dakika 45 zinaweza kukuishia kabla hujaugusa mji.

Hilo halikunikuta kwenye kitabu. Tulikuwa tumebeba mtoto mwenye nimonia kali, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, mama yake amekishika kisigino cha mtoto muda wote. Ambulensi hupewa nafasi pale feri, lakini feri ikiwa ng'ambo ya pili lazima uisubiri. Mtungi wa kwanza ulikuwa unaelekea kuisha. Nikamwambia mwenzangu atoe wa akiba. Akautoa, umejaa vizuri, kisha akaanza kujipapasa. Ufunguo wa mtungi haukuwapo! Yeye ndiye aliyeupakia mtungi ule asubuhi, na kwenye fomu ameweka alama kwamba kila kitu kipo. Mimi hutembea na ufunguo wangu, nimeufunga kwa kamba kwenye mkanda wa suruali, na tangu niajiriwe sijawahi kuingia zamu bila huo ufunguo. Nikaufungua mtungi, mtoto akaendelea kupata hewa, tukavuka. Yule mama hakujua lolote. Mimi nilijua, na usiku huo niliandika ripoti.

Ushauri wa pili ni wa mnapokuwa na mgonjwa. Pale si mahali pa kumfundisha mtu wala kumgombeza. Mpe kazi moja, kwa jina lake, kwa sauti inayosikika, na umtake aseme alichosikia. Moyo umesimama? "Bana kifua, mimi nahesabu." Mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 au 6, akiachia kifua kirudi juu kabla ya kubana tena, na baada ya dakika mbili mnapokezana. Hata asiyejua mengi anaweza kuifanya kazi moja vizuri akiongozwa. Ukimwachia achague mwenyewe la kufanya, atachagua soda.

Mkimaliza, zungumza naye mkiwa wawili tu. Ikijirudia, andika. Tarehe, saa, kilichotokea, kilichokosekana, nani alitia sahihi. Usiandike "ni mzembe", andika "mtungi wa akiba haukuwa na ufunguo". Jina la mgonjwa lisiingie kwenye daftari lako. Halafu kagua gari tena kesho yake, hata kama jana lilikuwa sawa.

Nilipopeleka ripoti yangu, msimamizi aliniambia, "Malizaneni wenyewe, nyie ni familia." Kwenye kundi letu la WhatsApp nikaitwa mchongezi. Watu niliokula nao sahani moja waliacha kuniitikia salamu. Nikapeleka ripoti ya pili, na ya tatu, zote zina tarehe na saa, na hatimaye mwajiri akaona kwamba hizo karatasi zikifika mahakamani hatakuwa na la kusema. Mwenzangu akarudishwa mafunzoni. Fomu ya ukaguzi sasa inatiwa sahihi na watu wawili. Hakuna aliyeniomba radhi mpaka leo.

Nawaambia na nyinyi wasimamizi, kwa sababu mnasoma. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mnadhani ni matibabu gani hayo ikiwa mhudumu anayekuja na gari lenu hawezi kumtofautisha mlevi na mgonjwa wa sukari? Msimpange mtu barabarani kwa kuwa ni shemeji wa fulani au kwa kuwa anachekesha. Aliyekosa mafunzo apewe mafunzo, na aliyefundishwa akakataa kujifunza aondolewe kwenye gari. Na anayeleta ripoti mumlinde, kwa sababu amewaokoa ninyi pia.

Kwako wewe wa Nakuru: zamu yako ijayo fika nusu saa mapema, na umwombe huyo mkubwa wako mkague pamoja, yeye akitaja kifaa, wewe ukikishika. Mwite kwa heshima yake, mpe nafasi yake ya ukubwa. Akikubali, umempata mwanafunzi bila kumvunjia uso. Akikataa, hiyo ndiyo mistari ya kwanza ya ripoti yako.