Kabla hujabonyeza saa: kwa wanaoanza mashindano ya chesi ya wikendi

Jumamosi asubuhi raundi ya kwanza haijafika mbali, mikono tayari imeinuka kwenye meza za chini kumwita mwamuzi. Mara nyingi shida haihusu ufunguzi wala mbinu. Mtu ana ngome nzima ya ziada, na bado anapoteza dakika, wakati mwingine mchezo wote, kwa sababu ya mkono wake. Vijana mmekariri ufunguzi wa Sisilia hadi hatua ya 15, lakini kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, hamjazisoma hata mara moja. Inauma kuwaangalia, maana waliowatangulia waliangukia palepale, na hakuna hata kosa moja kati ya haya lisiloepukika. Tuseme mnacheza saa moja kwa kila mmoja na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua, raundi sita kwa siku mbili.

1. Ukigusa, unacheza. Kete yako ukiigusa kwa makusudi ni lazima uichezeshe, na ya mpinzani ni lazima uile, mradi ipo hatua halali. Kama kete imekaa upande, sema "narekebisha" kabla ya kuinyoosha, tena iwe zamu yako. Usinyooshe wakati mwenzako anafikiri. Kwenye kasilingi, ile hatua moja ya mfalme na ngome pamoja, mfalme ndiye anayetangulia: miraba miwili, kisha ngome, mkono mmoja. Ukianza na ngome, utaichezesha ngome hiyo, na kasilingi ya upande ule kwa hatua hiyo huipati. Ukitumia mikono miwili kwa hatua moja, iwe kasilingi, kula au kupandisha pawni (kuibadilisha ikifika mwisho wa ubao), kisha ukabonyeza saa, inahesabiwa hatua haramu.

Mpinzani naye akiachia kete halafu akaichukua tena, simamisha saa umwite mwamuzi papo hapo. Huko Linares mwaka 1994 Garry Kasparov alimweka farasi kwenye mraba wa c5 dhidi ya Judit Polgár, binti wa miaka 17, akaona kosa, akampeleka f8. Video ilionyesha kwamba vidole vilikuwa vimeshaachia. Polgár hakudai pale mezani, mchezo ukaendelea, akashindwa. Ukishagusa kete yako kwa nia ya kucheza, haki ya kudai imekwisha. Heshima kwa mwenye reitingi (namba ya kiwango cha mchezaji) kubwa ni jambo jema, lakini haikukatazi kuinua mkono.

2. Skoshiti, yaani karatasi ya kuandikia hatua. Cheza kwanza, ndipo uandike. Kuandika hatua kabla ya kuicheza ni marufuku, isipokuwa unadai sare. Ule msamaha wa kuacha kuandika ukibakiwa na chini ya dakika tano hauwahusu wenye nyongeza ya sekunde 30. Nyinyi mnaandika hadi mwisho. Beba kalamu mbili.

3. Kupandisha pawni. Hapa naomba mtulie, maana pointi zinazopotea hapa ndizo zinazouma kuliko zote: mtu ameshinda tayari, kilichobaki ni kukamilisha.

Iko hivi. Una dakika moja, mpinzani ana moja na nusu, pawni yako iko a7. Unaisukuma hadi a8, mkono unarukia saa kwa mazoea, ndipo unaanza kumtafuta malkia. Umekwisha kosea. Pawni ilitakiwa ibadilishwe kabla ya kubonyeza saa. Mwamuzi atamwongezea mpinzani dakika mbili, yaani zaidi ya muda wote uliokuwa nao. Kisha pawni itageuzwa malkia, utake usitake. Kama ulihitaji farasi wa kutoa cheki, humpati. Kama malkia pale a8 anamnyima mfalme wa mpinzani mraba wa mwisho, ni stelimeti, yaani sare kwa kuwa hana hatua halali, na nusu pointi imekwenda. Hatua haramu ya pili katika mchezo huohuo inakupotezea mchezo, isipokuwa mpinzani hana uwezo wowote wa kukupa chekimeti, hapo ni sare.

Kosa la pili ni ngome iliyogeuzwa kichwa chini. Nyumbani na mtaani sote tunakubaliana kwamba huyo ni malkia. Mbele ya mwamuzi ni ngome. Mwaka 2017 ubingwa wa Kanada uliamuliwa kwa mchezo wa ziada wa blitzi, yaani wa dakika chache tu, kati ya Bator Sambuev na Nikolay Noritsyn. Noritsyn alipandisha pawni huku muda ukimwishia, hakumwona malkia mezani, akageuza ngome akaendelea. Mwamuzi akasimamisha mchezo, akaamua kwamba ile ni ngome. Malkia alikuwa mkononi mwa Sambuev. Taji likaenda kwa Sambuev. Ikiwa limemkuta mchezaji wa kiwango kile, wewe mwenye reitingi 1450 litakukuta tu usipojiandaa.

Basi jiandaeni hivi. Pawni ikifika mstari wa tano na njia iko wazi, angalia kete zilizoliwa: malkia wa rangi yako yuko wapi? Mara nyingi yuko upande wa mpinzani, maana yeye ndiye aliyemla. Kama bado una malkia ubaoni na wa ziada hayupo, mwombe mwamuzi mapema, kwa zamu yako, ungali na muda. Saa ya kupandisha ikifika, toa pawni, weka malkia, vyote kwa mkono mmoja, kisha bonyeza saa kwa mkono huohuo. Malkia akishagusa mraba, uamuzi umefungwa. Kama kete unayoitaka haionekani, usibonyeze upande wako wa saa. Bonyeza kitufe cha katikati ili pande zote mbili zisimame, inua mkono, omba kete. Hiyo ni haki yako kikanuni na wala si utovu wa uungwana. Lifanyieni mazoezi jioni moja: mfalme na pawni kila upande, sekunde 20, mpandishe hadi mkono uzoee kumaliza kwa saa na si kuanza nayo.

4. Sare. Utaratibu ni kucheza hatua, kusema "sare?", kisha kubonyeza saa. Usiombe mwenzako akiwa anafikiri, na usirudierudie, maana huko ni kumsumbua. Kudai sare kwa hali ya ubao kujirudia mara tatu ndiko kunakowashinda wengi: wanacheza hatua, wanabonyeza, ndipo wanamwita mwamuzi. Umechelewa, zamu si yako tena. Iandike hatua hiyo kwenye skoshiti bila kuicheza, simamisha saa, umwambie mwamuzi unakusudia kuicheza na hali itakuwa imejirudia mara ya tatu. Si lazima marudio yafuatane, ila zamu iwe ya mtu yuleyule na haki za kasilingi na za kula pawni kwa kupita (en passant) ziwe zilezile. Madai yakiwa si sahihi, mpinzani anaongezewa dakika mbili na hatua uliyoiandika unaicheza. Bila skoshiti safi huna ushahidi wa haraka, na ndiyo maana namba 2 si karaha ya waamuzi.

5. Simu izimwe kabisa na ibaki kwenye begi. Mfukoni hata ikiwa imezimwa unapoteza mchezo. Ruslan Ponomariov, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa FIDE, alipoteza mchezo kwa simu iliyolia mwaka 2003.

6. Baada ya hatua mbili tatu za kwanza, tazama kama saa inaongeza zile sekunde 30. Ikiwa haiongezi, mwite mwamuzi sasa, si hatua ya 40.

7. Chakula. Ugali na nyama choma kati ya raundi ya pili na ya tatu vitakulaza mezani. Ndizi, njugu na maji vinatosha hadi jioni. Na acheni kukokotoa reitingi katikati ya mashindano. Ukiwa mpya kigezo chako, kinachoamua reitingi inapanda na kushuka kwa kasi gani, ni 40, kwa hiyo kufungwa na mtu wa kiwango chako kunakutoa pointi 20. Kunauma, lakini ukimshinda mwingine kama yeye raundi inayofuata umezirudisha, ilimradi ukae mezani na akili yako yote badala ya kushika kikokotoo.

8. Mchezo ukiisha, nyote wawili tieni sahihi kwenye skoshiti mbili, hakikisheni zimeandikwa matokeo yaleyale, kisha mzipeleke kwa mwamuzi pamoja. Nendeni mkachambue nje ya ukumbi. Kabla ya mpangilio wa raundi inayofuata kutoka, fungua tovuti ya matokeo ya chess-results uone pointi zako. Mfumo wa Uswisi unawakutanisha wenye pointi sawa, kwa hiyo kosa la nusu pointi linakupeleka kwa mpinzani asiyekuhusu, na raundi ikishaanza haitavunjwa kwa ajili yako. Kama Jumapili asubuhi huwezi kufika, mwambie mwamuzi Jumamosi jioni. Usipomwambia, kuna mtu aliyetoka mbali kwa matatu ya alfajiri atakaa mbele ya kiti kitupu akisubiri muda wa kuchelewa uishe.