Tumbo la hedhi si chango, wala si sababu ya kukuoza

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 19, naishi Newala na mama pamoja na bibi. Nilivunja ungo nikiwa kidato cha kwanza na wakati huo sikuwa naumwa. Nilipoingia kidato cha pili mambo yakabadilika. Siku ya kwanza ya hedhi tumbo linanikata chini ya kitovu, kiuno kinauma mpaka mapajani, natapika na kuharisha. Siku ya pili napata nafuu. Mwezi uliopita nilizimia nikiwa kwenye kibarua cha kubangua korosho. Mama alishawahi kunishuku kwamba nimeanza wanaume, maana mwanzo sikuwa hivi. Bibi anasema ni chango, ananichemshia mizizi. Sasa kuna mtu amekuja kuposa, na baba mdogo anasema nikiolewa nikazaa yataisha. Mimi sitaki kuolewa sasa, nataka kujifunza ushonaji. Vidonge naviogopa, wanasema vinaharibu kizazi. Nikizidiwa nameza Panadol mbili na hazisaidii. Haya maumivu yanatokana na nini, na nitumie njia gani za asili?*
*Binti wa Newala*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kabla sijafika kwenye tangawizi na maji ya moto, nianze na mama, kwa sababu naona ile shuku yake bado unatembea nayo.

Maumivu haya kuchelewa kuanza ndiyo kawaida yake. Msichana akivunja ungo, miezi ya mwanzo, na kwa wengi hata mwaka au zaidi, damu hutoka bila yai kupevuka. Hedhi ya namna hiyo mara nyingi haiumi. Mayai yakishaanza kupevuka kila mwezi ndipo tumbo huanza kukata, na humkata msichana asiyemjua mwanamume sawasawa na mwenye mume. Mama aliona mabadiliko, na kweli yalikuwepo. Sababu ndiyo aliyoikosa. Ulichopitia kidato cha pili ni mwili kukomaa. Ungeambiwa hivyo siku ileile, usingebeba aibu isiyo yako miaka yote hii.

Sasa chanzo chenyewe. Kila mwezi ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hujijenga ukisubiri mimba. Mimba isipotunga, ukuta ule hubomoka, na katika kubomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kazi yake ni kuuamuru mfuko wa uzazi, ambao ni msuli wenye nguvu, ujikaze na kuisukuma damu nje. Msuli hujikamua kama unavyokamua kanga uliyoifua. Unapojikaza sana, mishipa ya damu iliyo ndani yake hubanwa, hewa ya oksijeni hupungua kwenye msuli, na hapo ndipo maumivu yanapokuja kwa mawimbi, yakishuka kiunoni na mapajani. Wenye prostaglandini nyingi huumia zaidi. Kemikali hizo zikisambaa hugusa na utumbo, ndiyo maana unatapika na kuharisha siku ileile. Kiwango chake huwa juu zaidi mwanzoni mwa hedhi, kisha hushuka, na ndiyo maana nawe siku ya pili unaanza kupumua.

Kwa hiyo hakuna mtu aliyekufanyia kitu, na si kwamba unadeka.

Bibi nataka umsikilize nusu. Chango ni jina ambalo wazee wetu wa Kusini wamelitumia miaka mingi kwa maumivu mengi tofauti ya tumbo la mwanamke, na anapokuchemshia mizizi anafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mizizi haina kipimo, na baadhi ya miti shamba wanayopewa wajawazito ili kuharakisha uchungu hufanya kazi kwa kuukaza mfuko wa uzazi. Mfuko wako tayari umekazika. Ukinywa kitu cha kuukaza zaidi utaongeza kilekile unachokikimbia. Mwambie kwa heshima kwamba mizizi umeiweka kando mpaka upimwe, halafu umwombe kitu kingine anachokijua vizuri kuliko mimi: akukande.

Kukanda kwa joto ni dawa ya kweli. Joto hulegeza msuli na kufungua mishipa ya damu, na watafiti waliolipima, wakitumia joto la karibu nyuzi 40, waliona linatuliza maumivu haya kwa kiwango kinachokaribia cha vidonge. Bibi achukue kitambaa kizito, akichovye kwenye maji ya moto yanayovumilika mkononi, akikamue, akukande chini ya kitovu na kiunoni, kikipoa akirudie. Ukiwa kazini, jaza maji ya moto kwenye chupa ya nusu lita, yasiwe ya kuchemka maana chupa itajikunja na wewe utaungua, izungushie kitambaa, ifunge tumboni kwa kanga ndani ya gauni. Maji mengine yabaki kwenye chupa ya chai, ubadilishe yakipoa. Hakuna atakayejua. Usingoje ulale chini. Anza pale kiuno kinapoanza kuwa kizito.

Tangawizi nayo si maneno ya vijiweni. Imejaribiwa kwa wasichana wenye tumbo kama lako, kati ya miligramu 750 na 2000 za unga kwa siku, katika siku tatu au nne za mwanzo, na ilipunguza maumivu. Nusu kijiko cha chai cha unga wake ni karibu gramu moja. Gawanya hiyo asubuhi na jioni, kwenye uji au maji ya moto, kuanzia siku ya kwanza. Kama inakuletea kiungulia, iache. Mdalasini na majani mengine wanayokuuzia mitandaoni kwa bei ya kilo nzima ya korosho, hela hiyo iweke kwenye pedi.

Mazoezi husaidia pia, lakini ya mwezi mzima: kutembea kwa kasi, kunyoosha viungo, kucheza ngoma, dakika 45 hadi 60, angalau mara tatu kwa wiki. Najua Newala mko juu ya uwanda na maji huyafuata mbali. Kama tayari unapanda na kushuka na ndoo kichwani, mimi sitakuongezea mzigo. Kunyoosha kiuno na mapaja usiku kabla ya kulala kunatosha kuanzia. Chakula sitakisemea sana. Kula, basi. Wengi hufunga tumbo siku hiyo wakiogopa kutapika, kisha wanakwenda kibaruani hawana kitu ndani na kichwa kinazunguka. Uji, ming'oko ya kuchemsha, chochote kinachokaa. Samaki, mbaazi, kisamvu na tembele viwepo siku zote, kwa sababu kila mwezi unapoteza madini ya chuma, na chai ya rangi usiinywe pamoja na mlo, maana huyazuia yasiingie mwilini.

Umeniomba njia za asili na nimekupa ninazoziamini. Lakini msichana anayetapika na kuzimia sitamwachia tangawizi peke yake. Hofu yako ya vidonge imechanganya dawa za aina mbili. Kuna dawa za maumivu kama ibuprofeni, ambazo huzuia hizohizo prostaglandini zisitengenezwe. Haziharibu kizazi zikitumika siku mbili tatu za hedhi. Panadol hutuliza, lakini kwa prostaglandini za tumboni haina nguvu kama hizi, na wewe unaimeza mawimbi yakiwa yameshapanda. Ibuprofeni ya miligramu 400, kila baada ya saa 8, baada ya kula, kuanzia dalili ya kwanza, kwa siku mbili au tatu tu. Usiichanganye na diklofenaki, ambayo ni dawa ya jamii hiyohiyo. Kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu, au unahisi huenda una mimba, usiimeze bila kumuuliza mhudumu wa afya. Duka la dawa watakuuliza haya. Wasipokuuliza, waambie mwenyewe.

Dawa za aina ya pili ni za uzazi wa mpango. Hizo huufanya ule ukuta wa ndani uwe mwembamba, prostaglandini zikapungua, na madaktari huziandika kwa maumivu haya hata kwa asiye na mwanamume. Ukiziacha, uwezo wa kuzaa hurudi. Hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, ila lazima upimwe presha na uulizwe historia yako kwanza, kwa sababu si kila mtu zinamfaa. Sikusukumi huko. Nataka tu uamuzi wako utokane na ukweli, usitokane na maneno ya kisimani.

Kuzimia ndiko kunakonifanya nikuombe uende hospitali mwezi huu. Huenda ni maumivu na njaa, huenda damu yako iko chini, na kipimo cha wingi wa damu ni cha haraka. Anza zahanati au hospitali ya wilaya hapo Newala. Ikibidi kupimwa zaidi, kuna Ligula mjini Mtwara, na kuna Ndanda kule Masasi. Nenda na daftari: tarehe damu ilipoanza na kukoma, siku zilizouma, pedi ngapi kwa siku, ulimeza nini. Ukiambiwa "ni kawaida ya wanawake", jibu kwamba ulizimia kazini na unaomba upimwe. Sema hivyo hivyo, bila kuinamisha kichwa.

Kwa ulivyonieleza, maumivu yako yanafanana na yale yasiyo na ugonjwa nyuma yake. Lakini yapo mengine. Yakianza siku kadhaa kabla ya damu na kuendelea baada ya kukauka, yakizidi mwaka hadi mwaka, ukiumwa unapokwenda haja, damu ikipita siku 7 au ikijaza pedi ndani ya saa moja au mbili, huenda ni uvimbe kwenye kizazi, au endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na ule ukuta wa ndani huota nje ya mfuko wa uzazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata wanawake na wasichana milioni 190 duniani, karibu asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa, na wengi huishi nao miaka kabla haujajulikana. Altrasaundi inaweza isiuone, kwa hiyo majibu ya "hakuna kitu" yasikunyamazishe kama bado unaumwa. Homa na uchafu wenye harufu ukeni huashiria maambukizi. Na mwanamke ambaye hedhi imempita kisha akashikwa na maumivu makali ya ghafla, huyo asingoje kuche. Mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Nije kwa baba mdogo. Ni kweli baadhi ya wanawake hupata nafuu baada ya kuzaa. Wengine hawapati, na mwenye endometriosisi hatibiwi kwa kubeba mimba. Sijaona mantiki ya kumwoza binti ili kutibu tumbo ambalo dawa yake ipo duka la dawa. Posa ijibiwe kama posa: unamtaka mtu huyo au humtaki, sasa au baadaye. Hedhi isiwekwe kwenye kikao hicho.

Usiende kumkabili mwenyewe, mtagombana bure. Mtafute somo wako, yule aliyekusimamia unyagoni. Alikufunda namna ya kujisitiri na usafi wa siku zako, na kazi hiyo aliifanya. Sasa mpe hii nyingine. Mweleze tangu kutapika hadi kuzimia, mwende naye hospitali, kisha yeye na mama ndio wazungumze na baba mdogo. Neno la somo wako lina uzito ambao lako bado halina mbele ya wazee, na ushonaji wako autaje palepale.

Mama msomee barua hii yote, pamoja na pale nilipomtaja. Akiwa na swali naye aniandikie, nitamjibu.

*Shangazi yako*