Sahani Yangu Inakata Kushoto

SWALI: Mwalimu, salaam. Kaka yangu amerudi kutoka Marekani na sahani tatu za gofu, zile za kurusha mpaka ziingie kwenye kikapu cha minyororo. Tumezijaribu na watoto kwenye bustani ya mji. Ile nyembamba, iliyoandikwa 12, 5, -1 na 3, inakwenda kidogo tu kisha inakata kushoto na kuchimba chini. Halafu vikapu vyenyewe hatuna. Nifanyeje? – Mama Twaha, Jinja

JIBU: Mama Twaha, hiyo nyembamba irudishe kabatini. Namba ya kwanza ni kasi ambayo sahani inadai ili iruke ilivyokusudiwa, na 12 ni ya mkono uliokomaa. Ikikosa kasi hiyo, inatawala namba ya mwisho, ya kukata mwishoni: kwa anayetumia mkono wa kulia na kurusha akitokea kifuani, inakwenda kushoto. Huna kosa. Shaka yangu ni kaka, huenda alinunua kwa kuangalia rangi.

Katika zile mbili, tafuta yenye 2 au 3 mwanzoni na ukingo mnene. Chezeni na hiyo tu, mtupo wa kwanza hadi wa mwisho. Usikimbie kabla ya kurusha. Simama, ivute usawa wa kifua, uiachie ikiwa bapa. Ukingo wa mbele ukiinuka, sahani inapanda, inaishiwa nguvu hewani, inaanguka.

Vikapu visikunyime usingizi. Oak Grove kule California, uwanja uliofunguliwa mwaka 1975, ulianza na nguzo tu; kikapu cha minyororo Ed Headrick, aliyeubuni uwanja huo, alikileta baadaye. Ninyi fungeni kitambaa kwenye mti, usawa wa kifua cha mtu mzima. Sahani ikigusa shina chini ya kitambaa, imeingia. Mita 40 au 50 kwa kila shimo, yaani toka mnapoanza kurusha hadi kwenye mti, zinatosha, na mashimo sita yanatosha kwa jioni moja. Wakubwa wahesabiwe mitupo mitatu kwa shimo, watoto wape mitano, la sivyo watagoma kufikia shimo la pili.

Aliye mbali zaidi na mti ndiye anayetangulia, na kila mtu anarusha kutoka pale sahani yake ilipolala. Akiwa ndani ya mita 10 kutoka kwenye mti, mrushaji asiyumbe kuelekea mbele baada ya kurusha. Atulie kwanza kwa miguu yake.

Sahani hizi ni ngumu, si zile laini za ufukweni, na kichwani zinaumiza. Waliotandika mkeka wakila mihogo wana haki kabla yenu: subirini, au ruka shimo hilo. Mitupo yote ielekee mbali na maji.

Kilabu cha gofu cha hapo kwenu kinajulikana kwa sheria yake kwamba mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko, unautoa bila adhabu. Ninyi wekeni ya kwenu: sahani ikitua kwenye mavi ya kaloli, yule korongo mkubwa, hatua moja pembeni, bure.