Maswali ya Wasomaji: Kulipa Jiji Badala ya Kutenga Paking

Swali: Ndugu wahariri, nina ploti ya futi 50 kwa 100 hapa Arua, nataka kujenga jengo la maduka la sakafu tatu. Msanifu ananiambia nikitimiza sharti la paking, uwanja wote utaliwa na magari. Shemeji yangu aliyeko Canada anasema kule mwenye jengo hulipa ada, akasamehewa paking. Ni kweli? Nami naweza kuomba hivyo?
*Mfanyabiashara, Arua*

Jibu: Shemeji yako hakukosea. Katika jimbo la Ontario, kifungu cha 40 cha sheria ya mipango kinaruhusu manispaa na mwenye jengo wafunge mkataba: huyu analipa, ile inamwondolea sharti la paking, lote au sehemu yake. Mkataba lazima uonyeshe ada imekokotolewaje, na fedha huingia katika akaunti maalumu. Mkataba ukisajiliwa kwenye ardhi, deni linaishika ardhi yenyewe. Ukimaliza kulipa, unaweza kudai cheti cha kuthibitisha hivyo.

Kabla ya habari ya ada, piga hesabu. Gari moja linahitaji nafasi ya mita 2.5 kwa 5, na njia ya kugeuzia ya mita 6 nyuma yake. Ukijumlisha njia na lango, gari moja hula mita za mraba 25 hadi 30. Ploti yako ina upana wa mita 15.24. Safu mbili zinazotazamana zinataka 5 + 6 + 5, yaani mita 16, kwa hiyo umepungukiwa sentimita 76. Hapo ndipo ploti nyingi za 50 kwa 100 zinapokwama. Ukilaza nafasi kwa nyuzi 45 safu mbili zinaingia, lakini magari yatakwenda upande mmoja tu, na utahitaji lango la kutokea upande wa pili. Wenye njia nyuma ya ploti ni wachache.

Tuseme kila sakafu ina mita za mraba 250, jumla 750, na kiwango kinachotumika ni gari moja kwa kila mita za mraba 50. (Hicho ni kiwango cha mfano, chako mwulize ofisa mipango, usichukue cha jirani.) Unadaiwa nafasi 15. Jengo likienea upana wote wa ploti, uwanja unaobaki mbele una kina cha mita 14 hivi: ni safu moja ya magari matano. Umepungukiwa nafasi kumi. Lakini ukiacha sakafu moja, deni linashuka hadi nafasi kumi, na upungufu hadi tano. Linganisha kodi ya sakafu hiyo na gharama ya kutafuta nafasi tano zaidi. Watu wengi hawafanyi hesabu hii mpaka ramani imekwisha kulipiwa.

Sasa Uganda. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, na kamati ya mipango inaweza kukubali ombi, kulikataa, au kulikubali kwa masharti. Omba kupitia mlango huo wa masharti. Andika barua kabla michoro haijakamilika, uambatanishe jedwali la eneo la kila sakafu, kiwango kilichotumika, idadi ya nafasi zinazopungua na pendekezo lako. Pendekezo zuri ni uwanja wa jirani usiotumika mchana wa kazi, kwa mfano wa kanisa, ulio mita 200 hivi. Lete mkataba uliosainiwa na mwenye uwanja, kwa sababu ahadi ya mdomo haina uzito mbele ya kamati. Mkataba huo ukizidi miaka mitatu, usajiliwe kwenye hati.

Akitokea mtu anayekwambia kuna ada ya kufuta paking, mwombe kifungu cha sheria. Kifungu cha 152 cha Katiba kinasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge, na cha 191 kinazitaka serikali za mitaa zitoze ada kwa kufuata sheria iliyotungwa na Bunge. Malipo halali yana namba ya malipo na hupitia benki au simu. Anayetaka noti mkononi anauza hewa.

Swali: Miji inayotoza ada hiyo hupangaje kiasi?
*Mwanafunzi wa mipango miji, Kampala*

Jibu: Kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiasi kimoja kwa kila nafasi, kinachotangazwa mapema. Mwekezaji anajua gharama yake siku anayonunua kiwanja. Ya pili ni kupima kila mradi kivyake kwa thamani ya ardhi na ujenzi, na hapo mazungumzo hurefuka na upendeleo hupata mlango. Pasadena, California, ilichagua njia tofauti kidogo: badala ya kutaka fedha zote mwanzoni, biashara za mji wa kale zililipa kila mwaka kwa nafasi zilizomo katika maegesho ya umma. Kwa duka dogo hilo ni nafuu kubwa.

Profesa Donald Shoup wa Los Angeles, mtafiti wa maegesho aliyefariki mwaka 2025, aliitetea ada hii kwa sababu nafasi ya umma hutumiwa na wengi: mchana mteja wa benki, usiku mteja wa hoteli. Ila ada ikiwekwa chini ya gharama halisi ya kujenga nafasi moja, mfuko haujai na jengo la maegesho halisimami. Mlipaji naye hapati nafasi yenye jina lake. Akigeuza duka kuwa mkahawa, hesabu inaweza kuanza upya. Miji mingine imeamua kufuta kabisa sharti lenyewe. Buffalo, mji wa Marekani, ilifanya hivyo mwaka 2017.

Swali: Besimenti yangu ilipitishwa kama paking. Wapangaji wanaitaka iwe maduka. Nikilipa jiji, inatosha?
*Mwenye jengo, Kampala*

Jibu: Haitoshi. Hayo ni mabadiliko ya matumizi na ya michoro iliyopitishwa, na chini ya sheria ya udhibiti wa ujenzi ya mwaka 2013 yanahitaji idhini. Besimenti ya magari haikupangiwa umati: ngazi ni chache, hewa ni haba, na mvua kubwa ikinyesha maji hutafuta chini. Pampu ikizima wakati umeme umekatika, bidhaa za wapangaji zinaloa na kesi inakuangukia wewe. Ukitaka kuendelea, anza na mhandisi apime njia za kutokea na hewa, kisha upeleke ombi jipya likionyesha magari yaliyokuwa humo yatakwenda wapi.

Swali: Nalipia nafasi mbili za barabarani mbele ya duka. Zinahesabiwa kwenye paking ya jengo?
*Muuza vipuri, Kampala*

Jibu: Hapana. Umelipia kutumia barabara, na barabara si sehemu ya ploti yako. Usiziweke kwenye mchoro. Ofisa akiziona, atarudisha faili lote.