Sababu ya Tesla kutouzwa dukani Texas
Ndugu, umeuliza kwa nini mkazi wa Texas hawezi kununua Tesla katika duka la kampuni hiyo, ilhali inaunda magari papo hapo Austin. Kikwazo ni sheria ya jimbo, si ya serikali kuu ya Marekani. Katika karne ya 20 majimbo mengi yalitunga sheria za kuwalinda mawakala wa magari, yaani wafanyabiashara huru wanaouza magari kwa mkataba na mtengenezaji, dhidi ya watengenezaji waliowashurutisha kupokea magari wasiyoyahitaji au kuwavunjia mikataba ghafla, na Texas inamkataza mtengenezaji hata kumiliki biashara ya uwakala. Kwa hiyo mnunuzi huagiza gari lake mtandaoni. Ulinzi huo ulikuwa wa haki kabisa kwa wakala mwenye mkataba, lakini Tesla haikuwahi kuwa na mawakala huko, na kwa maoni yangu katazo hilo sasa linamwonea mnunuzi tu. New Mexico nako kuna katazo kama hilo, ndiyo maana mwaka 2021 Tesla ilifungua kituo katika ardhi ya wenyeji wa asili wa Nambé, karibu na Santa Fe, ambako sheria hiyo ya jimbo haifiki.